Kabla hujasema moyo wa panya umekua, mcheki kwanza alikonda kiasi gani

Nyie mnaoanza masta kwenye maabara za panya huku Marekani, hii nawaandikia nyie maana mi nusura niaibike. Projekti yangu ilikuwa kuwapa panya amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili, kila siku kwa wiki kadhaa halafu kuangalia moyo umefanywaje, madume kwa majike, na nilivyofika kwenye hesabu nikakuta mioyo ya madume imekua, basi nikafurahi, nikatengeneza na slaidi kabisa. Supavaiza akaitazama, akauliza kitu kimoja tu: "Hao panya wako walikuwa wanakula?"

Hapo ndo nikashtuka. Dawa hizi zinakata hamu ya kula, panya anakonda, na mi nilikuwa nagawa uzito wa moyo kwa uzito wa mwili kama nilivyoona wengine wanafanya. Chukua panya wa gramu 25 mwenye moyo wa miligramu 125, unapata 5 (miligramu za moyo kwa kila gramu ya mwili). Akikonda hadi gramu 22 na moyo uleule unapata karibu 5.7, yaani moyo "umekua" na haujaongezeka hata chembe. Sasa madume wakikonda kuliko majike ushajitungia tofauti ya jinsia mwenyewe. Gawa kwa urefu wa mfupa wa muundi, panya mzima hata akonde vipi muundi haufupiki. Kusafisha kale kamfupa na kukapima kunaudhi kweli ila fanya tu.

Mapigo nayo yana mambo yake. Panya aliye macho moyo wake unapiga kama mara 500 hadi 700 kwa dakika, ukimlaza kwa isoflureni, ile gesi ya kulaza, yanashuka, kwa hiyo ukiwalaza madume sana na majike kidogo hapo unapima usingizi, hupimi dawa.

Halafu kuna hili la P, ile namba ya takwimu ambayo ikiwa chini ya 0.05 watu wanasema dawa imefanya kitu, linaniudhi kuliko yote. Majike wamepata 0.03, madume 0.08, mtu anaandika dawa inaumiza majike tu. Jamani, hiyo tofauti kati yao hujaipima bado! Weka jinsia na dawa kwenye modeli moja ya takwimu uone kama vinaingiliana, yaani kama athari ya dawa kwa majike ni tofauti kweli na kwa madume.

Na msiwakwepe majike eti mzunguko wao wa siku 4 au 5 unavuruga data. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2014 ulikuta hawayumbi kuliko madume hata usipofuatilia mzunguko, na NIH, taasisi za afya za Marekani zinazofadhili tafiti, tangu 2016 wanataka jinsia iwemo kwenye mpango wa utafiti, ukiiacha uwe na sababu nzito. Mnakumbuka zolpidem, ile dawa ya usingizi? 2013 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walishusha dozi ya kuanzia ya wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, wakati dawa ilishakuwa sokoni miaka kama 20.

Mi nilirudia kila kitu kwa muundi, wikendi nzima na kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu, mkononi. Tofauti ya madume ikapotea. Kilichobaki ni kwamba walikonda, na hiyo ndo slaidi niliyoenda nayo.