Mume wangu amekataa kuongea na daktari, je mazoezi na wenzake yatamsaidia?

SWALI: Daktari hujambo. Mimi ni Mkenya naishi Texas, mume wangu naye ni Mkenya, aliingia jeshi la Marekani akapelekwa Afghanistan akarudi mzima wa mwili, lakini usiku anashtuka jasho limemlowesha, tukienda supamaketi lazima asimame mahali anaona mlango, na fataki za Julai 4 zikianza anajifungia bafuni. VA, idara ya serikali inayohudumia waliotoka jeshini, walisema ni PTSD, yaani msongo unaobaki akilini baada ya mambo ya kutisha, wakampangia vikao vya kuongea, akaenda kidogo akaacha, anasema wanamchimbulia yale yale. Sasa kuna maveterani wenzake wanafanya mazoezi pamoja na wanamwita. Mama mkwe kule nyumbani anasema aombewe tu hayo mengine ni mchezo. Nimwache aende?
Mama Watoto, Texas

JIBU: Dada pole sana, na ndio, mwache aende, hata leo.

Si mchezo. Kule San Francisco watafiti walichukua maveterani 47 wenye PTSD, wengine wakaanza mazoezi ya kikundi na wengine wakasubiri zamu yao, ikawa saa moja mara tatu kwa wiki kwa wiki 12, wananyoosha viungo, wanakimbiza moyo, wananyanyua vyuma na kuna mambo ya yoga ndani yake, na matokeo yaliyotoka 2018 yakaonyesha waliofanya mazoezi walipata nafuu zaidi ya wale waliokuwa wakisubiri. Watu 47 ni wachache kwa hiyo usimwambie mtu ni dawa ya kuponya, lakini ni kitu.

Kile mimi napenda hapo ni kikundi. Mtu aliyekaa jeshini alizoea kuamka na wenzake, akichelewa anaulizwa uko wapi, na hiyo ndiyo ilikatika aliporudi nyumbani. Pale hakuna anayemuuliza ilikuwaje kule, ni kuhesabu squat na kucheka yule aliyechoka kwanza.

Ila mwambie aanze polepole. Moyo ukienda mbio na pumzi ikibana, mwili wa mtu wa PTSD unaweza kudhani hatari imerudi, na ndio maana wengine hutoka jimu siku ya kwanza hawarudi. Akizoea kidogo kidogo, mwili unajifunza kwamba moyo kudunda si lazima kuna adui. Tena kile kishindo cha chuma kikiangushwa sakafuni, we acha tu, aongee na kocha mapema, achukue nafasi karibu na ukuta anapoona mlango, na kama ana goti au mgongo daktari amwangalie kwanza.

Lakini vikao asivitupe, hivyo ndivyo vyenye ushahidi mwingi kuliko mazoezi. Kama shida yake ni kusimulia, aulizie hapo VA ile tiba inaitwa CPT, ya kuchunguza mawazo ambayo tukio lilimwachia, inaweza kufanywa bila kueleza tukio lote mwanzo mpaka mwisho, sidhani kama kuna mtu alimwambia hivyo. Naye mama mkwe aendelee kuomba, hajakatazwa, Jumapili kanisani na Jumatatu jimu hazigombani.

Na dada, akianza kusema heri nife ama mko afadhali bila mimi, usingoje appointment. Piga 988 halafu bonyeza 1, ni laini ya maveterani usiku na mchana, hata wewe mke unaruhusiwa kupiga. Bunduki kama iko nyumbani ifungiwe, na ufunguo asiwe nao yeye.