Kihamishwe kiende wapi?

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kama ni sawa sheria iamue vitabu vya mambo ya ngono na jinsia vikae rafu gani kwenye maktaba ya umma. Mi nasema hapana, na mimi ni mzazi, tena si wa kuachia watoto kila kitu.

Wanaozitetea hizi sheria wanasema ati hakuna kitabu kilichopigwa marufuku, kinasogezwa tu upande wa wakubwa. Haya, tuangalie Idaho kule Marekani. Gavana Brad Little alisaini sheria inayoitwa House Bill 710 mwaka 2024, ikaanza kazi Julai 1. Ukiandika barua kwamba kitabu fulani kina madhara kwa watoto, maktaba ina siku 60 za kukihamishia sehemu ya watu wazima tu, isipofanya hivyo inaweza kushtakiwa na kudaiwa dola 250 na fidia nyingine juu. Na kwenye orodha ya matendo ya ngono sheria ya jimbo imeuweka ushoga humo humo, kwa hiyo hata hadithi isiyo na chumba cha kulala mtu anaweza kuilalamikia.

Sasa kuna kamji kanaitwa Donnelly, huko huko Idaho, jengo zima la maktaba yao ni futi za mraba 1,024. Hiyo sehemu ya wakubwa waijenge wapi, darini? Wakatangaza maktaba yote ni ya watu wazima, wa chini ya miaka 18 haingii bila mzazi au karatasi iliyosainiwa na mzazi. Yaani sheria ya kumlinda mtoto imemtoa nje mtoto mwenyewe, yeye na vitabu vyake vya dinosaria.

Halafu dola 250 zenyewe si kitu (mwaka 2023 Little huyo huyo aliukataa mswada uliotaka dola 2,500), kinachotisha ni bili ya wakili, maktaba ndogo haina hela hiyo, so mkutubi anakitoa kitabu kabla hata barua haijafika na hakuna atakayejua kilikuwepo.

Na rafu zenyewe zina maana yake jamani. Kwa namba za Dewey, zile za kupangia vitabu maktabani kwa mada, 612 ni mwili wa binadamu, unapita moyo, unapita mapafu, ukifika 612.6 ndo uzazi na balehe. Binti aliyeanza kuona siku zake na anaona aibu kuuliza anajipitisha pale kama anasoma mambo ya mapafu, anachomoa kitabu, anasoma kurasa mbili amesimama, anarudisha. Kikifungiwa chumba cha wakubwa itabidi aombe kaunta, na haombi ng'o.

Mkitaka mzazi awe na sauti, mpeni kwenye kadi ya mwanawe, achague mwenyewe mtoto wake aazime nini na nini asiazime. Wa kwangu nitamchagulia mimi, wa jirani ana mamake.