Bosi Hajakuandikia Mkataba? Leta Daftari

*Shikamoo kaka. Nahudumu mgahawani Arusha, naingia saa 12 asubuhi natoka saa 2 usiku, siku sita. Bosi anasema sina mkataba, kwa hiyo sina cha kudai. – Dada wa Kwa Mrombo*

Marahaba. Bosi wako amekugeuzia kibao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka yeye akuandikie masharti ya kazi. Mkifikishana kwenye shauri bila karatasi, ni yeye atakayebanwa athibitishe mlichokubaliana. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zako, hata nikitoa saa moja ya kula, ni 78. Hizo 33 za juu zinalipwa mara moja na nusu, na ziada yenyewe haitakiwi kuvuka 50 kwa wiki nne. Wewe unazimaliza wiki ya pili haijaisha! Pita dukani kwa mangi, chukua daftari dogo, andika saa ya kuingia na ya kutoka kila siku. Likipata madoa ya mchuzi, poa tu, ndiyo litaaminika.

*Mimi mgumu, mbeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro, Moshi. Getini mzigo unasoma kilo 20, tukishazama msituni naongezewa.*

Mchezo wa zamani huo. Ukilalamika peke yako, safari ijayo hupangwi, tusidanganyane. Nendeni watatu wanne kwa askari wa KINAPA, hifadhi ya mlima, mkiwa na picha ya mzigo getini na nyingine kambini.

*Nauza chakula Mbuyuni. Nimechukua laki moja ya mkopo wa kausha damu, narejesha 5,000 kila siku, siku 30.*

Mama, hiyo ni laki na nusu: riba asilimia 50 kwa mwezi. Ukomo wa Benki Kuu kwa kampuni ndogo za mikopo zenye leseni ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Maliza hilo deni, na usikope kwingine ili ulilipe. Kikoba cha majirani kinachosha kwa vikao, lakini hakiji kubeba sufuria zako.

*Nimeachishwa shamba la maua Usa River, huu mwezi wa tatu. CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, watanipokea?*

Kupinga kuachishwa ni ndani ya siku 30. Umechelewa, ila unaweza kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu. Kumuuguza mzazi, na vyeti vya hospitali mkononi, inaweza kuwa sababu. Kumsubiri bosi apoe hasira siyo.