Jibu: Wanafunzi wageni hawafungui mdomo darasani

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na wale watatu waliohamia katikati ya muhula, wanaokaa nyuma kimya. Mimi ningeanza na majina. Muulize kila mmoja jina lake linavyotamkwa, liandike kwa silabi pembeni ya daftari la mahudhurio, na likikushinda mwombe akurekebishe papo hapo. Wenzake wakiona mwalimu anakosolewa na hanuni, woga unapungua.

Kisha jifunze kungoja. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu huuliza swali na kusubiri kama sekunde 1 tu; wakisubiri 3 au zaidi, majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Hesabu kimoyomoyo. Sekunde 3 za kimya ni ndefu, nakwambia! Wakiendelea kunyamaza, huwa nawaacha wanong'onezane wawili wawili kwanza, ndipo mmoja aseme walichoafikiana.

Viti badilisha kila baada ya wiki mbili, ila asiyeona au asiyesikia vizuri abaki mbele. Na usimsimamishe mgeni ajitambulishe siku ya kwanza. Mimi nilifanya hivyo, mtoto akaangua kilio.