Jibu: 2 N ya kostiki soda kuwa 0.1 N, na kwa nini asidi ya maziwa inasoma juu

Ndugu wa Njoro, umesema ulichukua mililita 25 za kostiki soda (alkali ya kupimia asidi ya maziwa) ya 2 N (N ni nomaliti, kipimo cha nguvu ya myeyusho), ukitaka kupata 0.1 N, ukaongeza maji mililita 500, na tangu hapo maziwa ya asubuhi yanasoma asidi ya juu. Maziwa huenda hayana shida. Fomula ya N1V1 = N2V2 (nguvu mara ujazo kabla ya kuzimua ni sawa na baada yake) uliijua, ila V2 ni ujazo wa mwisho, si maji ya kuongeza. 2 × 25 = 0.1 × 500, kwa hivyo maji yalitakiwa kuwa kama 475. Wewe umefikisha 525, na 50 ÷ 525 ni 0.095 N. Alkali ikiwa hafifu, bureti (mrija wenye alama unaodondosha alkali kwenye maziwa) inashuka zaidi kabla ya kutokea rangi ya waridi, dalili kwamba asidi imekwisha. Maziwa ya asilimia 0.17 yatasoma karibu 0.18, na mkulima arudishiwe mkebe wake bila sababu.

Lakini usiende kupima hizo 475 pia. Tia mililita 25 kwa pipeti (mrija wa kupimia) kwenye chupa ya ujazo (yenye alama moja shingoni) ya 500, ongeza maji hadi robo tatu, zungusha, acha ipoe, ndipo umalizie hadi alama, jicho likiwa sawa na mstari. Mistari ya biaka (gilasi ya maabara) ni makadirio tu. Chupa nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Joto la Kisumu mchana likifika 30 maji hutanuka kama robo asilimia. Kwa maziwa si neno.

Angalia pia lebo ya chupa mama (ya myeyusho wa awali): ni N au M (molariti, idadi ya moli kwa lita)? Kwa kostiki ni mamoja. Kwa asidi ya salfuriki sivyo, maana molekuli moja hutoa haidrojeni mbili, basi 1 M ni 2 N. Ile kali ya dukani ni karibu 36 N. Lita moja ya 0.1 N inahitaji mililita 2.8 tu, na ni asidi inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.

Kostiki ina tabia mbaya: hunyonya unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani. Ukipima gramu 4 kwa lita hupati 0.1 N kamili, hata mizani iwe nzuri namna gani. Chemsha maji kwanza kufukuza hiyo gesi, yapoze yakiwa yamefunikwa, na weka myeyusho kwenye plastiki, kwa sababu kizibo cha kioo kitaganda. Kisha uhakiki: pima gramu 0.5106 za potasiamu haidrojeni fthaleti (chumvi safi ya kulinganishia) iliyokaushwa, yeyusha kwa maji, dondoshea fenolftalini (kiashiria kinachotoa ile rangi ya waridi). Kostiki ya 0.1000 N itatumika mililita 25.0. Ikitumika 24.0, zidisha 25.0 kwa 0.1 ugawe kwa 24.0: una 0.1042 N.

Hapo ndipo napendelea kutengeneza yenye nguvu kidogo kupita kiasi, kwani kuzimua ni rahisi kuliko kuongezea unga. Ukibaki na mililita 950 za 0.1042 N, 950 × 0.1042 ÷ 0.1 ni 989.9, yaani ongeza maji mililita 39.9. Hakiki tena baada ya hapo.

Jambo moja hukuligusa: unapima maziwa mililita ngapi? Mililita 9 huendana na 0.1 N, na kila mililita ya bureti ni asilimia 0.1 ya asidi laktiki (asidi ya maziwa). Mililita 10 huendana na N/9, yaani 0.111 N, ambayo ni gramu 4.44 za kostiki kwa lita. Ukitia maziwa 10 dhidi ya 0.1 N na kusoma kwa hesabu ile ile, 0.17 inakuwa 0.189. Hiyo inapotosha kuliko kosa lako la maji, na ukiwa na yote mawili pamoja utasoma karibu 0.2 kwa maziwa yaliyokamuliwa alfajiri.