Usiwape hiyo laki tatu kabla hawajakuonyesha AVN (namba ya uhakiki wa diploma)

Usilipe. Salamu baadaye. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye Hiace natokea Moshi, nikashtukia tuko Usa River, Boma Ng'ombe nimeipita bila kuiona.

Umeandika kwamba una kidato cha nne, C mbili na D nne, na chuo kimoja Arusha kinakuahidi "Shahada ya Paralegal" kwa miaka miwili, ila utoe laki tatu ya kushika nafasi kabla ya Ijumaa; ukataja na kozi ya Marekani ya mtandaoni. Mdogo wangu, hayo ni maisha yangu ya 2018, tofauti ni neno moja tu. Sisi walituambia Diploma, ninyi wamewapandisha cheo.

Hebu hesabu na mimi. Kwenye vyuo vya kati, ngazi ya 4 ni mwaka, ya 5 mwaka, ya 6 mwaka, hapo ndipo mtu anaitwa ana diploma. Shahada ya sheria inakuja baada ya hapo, miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Sasa wao wanakutoa kidato cha nne hadi shahada kwa miaka miwili kwa kukurusha nini? Mimi waliniahidi diploma kwa miaka miwili na sikuuliza nimeruka ngazi ipi. Niliruka akili.

Alivyonipata ni hivi. Kuna jamaa alikuwa anazunguka na vipeperushi, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alifika mpaka kijijini kwetu, akakaa kwenye kigoda cha mama akanywa chai ya maziwa vikombe viwili. Akasema Arusha ni jiji la mahakama: kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, kuna ya Afrika Mashariki, na kuna ile ya Rwanda, "pale wanalipa kwa dola, mama". Mama macho yakamtoka. Nami nikatikisa kichwa kama mjuaji. Mahakama ya Rwanda, ile ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari, ilifunga shughuli zake Desemba 2015! Jamaa alikuwa ananitafutia kazi kwenye ofisi iliyofungwa miaka mitatu nyuma, na mimi mtoto wa mkoa wa jirani sikujua. Nikikutana naye leo namnunulia chai nyingine, vikombe viwili vile vile, nimwagie kwenye hilo shati.

Mama akauza ng'ombe. Si ndama, ni yule wa maziwa, aliyekuwa anatoa lita nane asubuhi.

Chuoni nilikagua, usidhani sikukagua. Niliuliza swali ambalo kila mtu anakwambia uulize, hata humu kwenye uzi wako naona watu watatu wamekushauri hilo hilo: "Mna usajili?" Wakanionyesha. Cheti kiko ukutani, kwenye fremu ya dhahabu, kina muhuri na namba. Na kilikuwa cha kweli kabisa! Hapo ndipo pa kusoma polepole. Chuo kilisajiliwa, ila kwa kozi za uhazili na kompyuta. Sheria walijiongezea wenyewe, kama mama ntilie anayeongeza pilau kwenye ubao. Fremu haikuandika hayo, na mimi sikujua kwamba usajili wa chuo ni kitu kimoja na kozi kutambuliwa ni kitu kingine.

Nikasoma miaka miwili. Tulikuwa na mwalimu mmoja mzuri sana wa sheria ya mikataba, namheshimu mpaka leo, nadhani naye alikuwa hajui, kwa sababu mshahara wake ulikuwa unachelewa kuliko ada zetu. Ada 950,000 kwa mwaka. Mitihani 150,000 kila mwaka. "Mafunzo kwa vitendo" laki mbili, ambapo nilikaa wiki sita nachapa barua za maombi ya kazi za watu. Joho elfu sitini. Chumba Ngarenaro elfu arobaini kwa mwezi, miezi ishirini. Jumlisha: 3,260,000, bila ugali.

Sasa Agosti 2020. Niko kwenye kibanda cha intaneti karibu na soko la Kilombero, nimevaa vizuri utadhani kompyuta inaniona, naomba chuo kikuu nisome LLB, yaani shahada ya sheria. Kijana wa pale anajaza, mimi namsomea. Jina. Namba ya mtihani wa kidato cha nne. Kisha akasimama. "Kaka, AVN."

"Ndiyo nini?"

Akanigeukia taratibu. Yule kijana alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mitano hivi, lakini siku ile alinitazama kama daktari. AVN ni namba ya uhakiki ambayo mwenye diploma anapewa na NACTE (siku hizi NACTVET), baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati, kuonyesha kwamba tuzo yake wanaitambua. Matokeo yako yanapelekwa na chuo, wao wanayo kwenye mfumo, unaomba, unapewa namba. Ukiomba chuo kikuu kwa diploma bila hiyo namba, fomu haisogei. Kisanduku kinabaki chekundu. Nilikitazama hicho kisanduku mpaka muda niliolipia ukaisha nikaongeza mia tano.

Nikapiga simu chuoni. "Mfumo uko chini, njoo Jumatatu." Jumatatu: mfumo uko chini. Jumatatu nyingine: mhasibu ana safari, kwani AVN inatolewa na mhasibu? Mara ya nne nikakuta wamepaka rangi ukuta na mlango wa msajili una kufuli. Nikaenda mwenyewe ofisi ya kanda ya NACTE na cheti changu kwenye bahasha ya kaki, sijakikunja hata pembe. Mama mmoja akakisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena mbele. Akasema kwa upole ulionimaliza: "Hiki chuo tunakijua, mwanangu. Hii kozi hatuijui."

Hiyo ndiyo 3,260,000. Ng'ombe alinunuliwa na jirani, na mama mpaka leo ananunua maziwa kwa jirani.

Kwa hiyo usiulize usajili. Uliza hivi, kwa maneno haya haya: "Naomba mnikutanishe na mtu mmoja aliyemaliza kozi hii hapa, akapata AVN, na sasa yuko chuo kikuu." Mmoja tu. Chuo cha kweli kinao, watakupa simu yake kabla hujakaa. Chuo cha fremu kitaanza kukueleza habari za mfumo. Na kabla hata ya kupanda daladala, pakua mwongozo wa udahili kwenye tovuti ya NACTVET, ni bure. Tafuta jina la chuo, halafu usishangilie, shuka chini yake utafute mstari wa sheria. Jina likiwepo na mstari wa sheria haupo, hao ni ndugu wa wale wangu.

Halafu hilo neno paralegal. Huko Marekani ni kazi ya ofisini, mtu anafanya chini ya wakili, na vyuo vyao vina shahada yake, ya miaka miwili na hata minne. Ile ya mtandaoni uliyotaja inawezekana ni ya kweli kabisa, lakini utafundishwa taratibu za mahakama zao, na sijui utazipeleka wapi pale Mahakama ya Mwanzo Maromboso. Hapa kwetu anaitwa msaidizi wa kisheria, anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Anaelimisha watu, anawaelekeza pa kwenda, anawashauri wenye mgogoro wapatane. Anapata mafunzo, anasajiliwa, na HATOZI HELA. Kijijini kwetu tunaye, ni mwalimu mstaafu, amemaliza migogoro ya mipaka ya migomba kuliko mahakama. Ni kazi ya heshima sana, ila hailipi kodi ya chumba Sakina. Anayekuuzia "shahada" ya kazi hiyo na kukuahidi mshahara anakuuzia neno la Marekani kwa bei ya Arusha.

Kama unachotaka ni ofisi ya wakili, mimi niko humo sasa, Moshi, karani. Nafungua mashauri kwenye mfumo wa mahakama, napeleka wito, nachapa viapo, najua ni faili lipi wakili atalisahau mezani. Waliponiajiri waliniuliza kama najua kuchapa na kama naogopa kusubiri. Cheti changu cha 2020 hakuna aliyekiuliza, na mimi nikakaa kimya nacho.

Nilianza upya ngazi ya 4 mwaka 2021, darasa moja na watoto waliokuwa wananiita "mwalimu" kwa utani. Nikamaliza diploma 2024, GPA 3.4 (LLB wanataka kuanzia 3.0, na zile D zako nne za kidato cha nne zinatosha, usizidharau). AVN ilipotoka nilimpigia mama saa tano usiku. Akauliza nani amekufa.

Sasa niko mwaka wa pili LLB. Mbele kuna Shule ya Sheria Dar, ya kupitia kabla ya kuwa wakili, ambako matokeo ya 2022 yaliyotikisa nchi walifaulu 26 kati ya 633. Na hilo yule wa kalamu mbili hakulitaja kwenye chai.

 Leo ni Jumatano. Kesho asubuhi uwe mlangoni kwao, usibebe hela, beba lile swali tu. Wakikwambia mfumo uko chini, toka, chukua bodaboda, urudi hapa utuambie.