Saruji na umeme wa jua
Je, kuendesha tanuri la saruji kwa umeme wa jua kutaifanya saruji iwe safi, yaani isitoe hewa ukaa? Hapana. Karibu asilimia 60 ya hewa ukaa yake haitoki kwenye makaa ya mawe wala mafuta, inatoka kwenye jiwe lenyewe. Ni kemia ileile ya shuleni: mawe ya chokaa yakifikia joto la nyuzi 900 hivi yanavunjika, chokaa inabaki na hewa ukaa inapaa. Moto uwe msafi namna gani, hilo liko palepale.

Dawa ya kweli ni kupunguza klinka, yaani yale madonge yanayotoka tanurini baada ya mawe ya chokaa kuchomwa, ambayo husagwa kuwa saruji. Udongo wa mfinyanzi uliochomwa, pamoja na mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, unaweza kushika nafasi ya karibu nusu yake na zege likawa imara. Hili ndilo ningependa wajenzi walijue zaidi.

Ni kweli zege hufyonza tena sehemu ya hewa ukaa hiyo, ila polepole mno, na ufyonzaji huo ukifika kwenye nondo, nondo huanza kushika kutu.